Deni ya kodi: kimya inaiongeza, barua inaweza kuipunguza

Katika soko nyingi za mashariki, mambo yanaanzaka vile. Asubuhi, watu wawili wenye mafaili mkononi wanasimama mbele ya duka ya vitenge.

« Mama, muko na deni ya miaka mbili. »

« Deni gani tena, shefu? Miye nalipaka kila siku hapa soko. Na patente iko, ile pale kwa ukuta. »

« Ile ni ya soko, mama. Na patente ni ya patente. Yetu ni ingine. »

Kisha inakuja ile karatasi. Mama anaipokea, hajui kuisoma vizuri juu iko mu Kifaransa, anaiweka chini ya marobota ya vitenge. Wale watu wakiondoka, jirani anamwambia: « Wacha tu, watasahau. Ao utafute mutu wa kuelewana naye. »

Hawasahau. Miezi inapita, na siku moja mama anakuta mulango wake umefungwa na karatasi yenye muhuri imebandikwa juu ya kufuli. Deni ambayo ingelipwa kwa mauzo ya wiki moja ao mbili imekuwa mzigo wa mwaka mzima.

Makala hii inaeleza deni ya kodi inatoka wapi, inakua namna gani, na njia gani sheria inamwachia mtu asiyekuwa na feza ya kulipa yote mara moja. Njia hizo ziko. Shida ni kwamba karibu zote zina tarehe ya mwisho, na mtu anayenyamaza anazipoteza moja kwa moja.

Nani anadai nini?

Jambo la kwanza ni kujua deni ni ya nani. Katika nchi yetu, mikono inayokusanya feza za serikali ni mingi, na kila mmoja uko na karatasi zake.

DGI ndiyo inakusanya kodi kubwa za taifa: kodi juu ya faida ya biashara, kodi juu ya mishahara, na TVA ya 16% ambayo ilianza Januari 2012. DGDA iko kwenye mipaka, kama Kasindi ao Mahagi, kwa ajili ya duane. DGRAD inakusanya malipo ya vibali na huduma za wizara mbalimbali. Kila jimbo nalo liko na biro yake ya mapato, na ndiyo inahusika na kodi ya nyumba na viwanja, kodi juu ya pango wanayopokea wenye nyumba, na vinyeti ya magari. Chini kabisa kuna mji, komine, sekta na shefferi: pale ndipo inaenda feza ya kila siku ya soko.

Ndiyo maana mama wa vitenge hakudanganya, na wale watu wa biro pia hawakudanganya. Alilipa soko, alilipa patente, lakini kodi ya biashara yake kwa DGI haikulipwa. Malipo ya mlango mmoja hayafuti deni ya mlango mwingine.

Tena, hakuna kodi bila sheria. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi inawekwa na sheria peke yake. Na tangu tarehe 13 Machi 2018 kuna maandishi mawili, ordonnance-loi 18/003 na 18/004, yanayoorodhesha kodi na matakisi ya serikali kuu, na yale ya majimbo na mitaa. Mtu akiombwa malipo asiyoyajua, iko na haki ya kuuliza: hii inaitwa nani, iko katika orodha gani, na inaingia konti gani?

Duka ndogo inadaiwa ngapi?

Wengi wanakimbia biro ya kodi juu wanafikiri wataombwa mlima wa feza. Kwa wafanyabiashara wadogo, sheria iliweka njia nyepesi. Ordonnance-loi 13/006 ya Februari 2013 ilipanga hivi: biashara yenye mauzo yasiyopita milioni 10 za franka kwa mwaka inalipa 50.000 FC kwa mwaka, basi. Kuanzia pale mpaka chini ya milioni 80, inalipa 1% ya mauzo kama ni ya kuuza vitu, na 2% kama ni kazi ya huduma, mfano saluni ao atelie. Sheria ya feza ya kila mwaka inaweza kubadilisha viwango, kwa hiyo ni lazima kuuliza biro ile ya mwaka unaohusika.

Kwa mfano, mama wa vitenge anauza milioni 20 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 1%, kodi yake ni 200.000 FC. Kwa miaka miwili ni 400.000 FC. Hiyo ndiyo deni yenyewe, kabla ya adhabu yoyote.

Namna deni inavimba

Sheria kubwa inayopanga mambo haya ni ile namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, juu ya taratibu za kodi. Inaanza na neno moja: mlipa kodi ndiye anajitangazia mwenyewe. Serikali inangoja deklarasyo yake. Asipoipeleka, biro inamtumia kwanza karatasi ya kumwonya, mise en demeure. Akinyamaza tena, biro inafanya hesabu yenyewe. Ile inaitwa taxation d'office.

Hapa ndipo wengi wanaumia. Agenti anaangalia duka, mali iliyomo, mahali ilipo, na anakadiria. Anaweza kuandika kwamba mama anauza milioni 40, wakati anauza 20. Na kuanzia pale, ni mama ndiye anapaswa kuleta ushahidi kwamba biro imekosea. Kama hana hata daftari ya mauzo, ataonyesha nini?

Juu ya ile hesabu, kunaongezwa adhabu ya 25% kwa kutopeleka deklarasyo. Akirudilia kosa, inakuwa 50%. Kwa hesabu ya kweli ya mama, 200.000 ya mwaka wa kwanza inaongezeka 50.000, na 200.000 ya mwaka wa pili inaongezeka 100.000. Tayari ni 550.000 FC kwa deni ya 400.000. Na kama biro ilikadiria mara mbili ya mauzo yake, ni 1.100.000 FC.

Haijaisha. Kunakuja riba ya kuchelewa, inayohesabiwa mwezi kwa mwezi. Mwezi ulioanza unahesabiwa mzima, hata kama mtu amelipa tarehe mbili.

Ile karatasi inaitwa AMR

Hesabu ikiisha, biro inatuma avis de mise en recouvrement, ambayo watu wanaita AMR. Ndiyo karatasi iliyowekwa chini ya marobota. Inaonyesha kodi ngapi, adhabu ngapi, na ya mwaka gani. Tangu siku ya kuipokea, mtu iko na siku 15 za kulipa.

Siku hizo zikipita, mambo yanabadilika uso. Mpokezi wa kodi anaweza kutoa contrainte, yaani amri ya kulazimisha, pamoja na siku 8 za mwisho. Kisha sheria inampa vyombo vingi, na hahitaji kungoja kesi ndefu kwa tribinali:

- kufunga duka kwa muda, na kuweka scellés kwenye mlango;
- kukamata mali ya dukani, gari, ao hata nyumba na kiwanja, na kuviuza;
- kuandikia banki, mpangaji ao mteja mwenye kudaiwa na yule mtu, ili ile feza ilipwe moja kwa moja kwa Hazina. Ile inaitwa avis à tiers détenteur.

Kitu kimoja cha kuangalia sana: kuvunja scellés ni kosa lingine la jinai. Mtu aliyekuwa na deni ya feza tu anajikuta mbele ya parke juu ya kufuli aliyoikata usiku ili atoe mali yake.

Kukosa feza na kuficha si kitu kimoja

Sheria inatenganisha watu wawili. Kuna yule ambaye kodi yake inajulikana, lakini hana feza ya kulipa. Huyo iko na deni. Na kuna yule anayeficha kwa makusudi: anaandika vitabu viwili vya hesabu, anatoa faktire za uongo, anaficha sehemu ya mauzo, ao anatumia namba ya kodi ya mtu mwingine. Huyo anafanya udanganyifu, na sheria ya 2003 inampangia faini na kifungo, juu ya ile kodi ambayo bado atailipa. Kusukuma watu wengine wakatae kulipa, ao kumshambulia agenti aliye kazini, ni ndani ya makosa hayo pia.

Kuhama mtaa ao kubadilisha jina ya duka hakusaidii sana. Biro ina haki ya kurudi nyuma na kudai kodi iliyosahauliwa mpaka mwisho wa mwaka wa nne unaofuata mwaka ule wa kodi. Kodi ya 2023 inaweza kudaiwa mpaka mwisho wa 2027. Na mfanyabiashara anayetaka kukua atagonga ukuta: kwa kuingia katika tender ya serikali, anaombwa attestation ya kodi. Mwenye kuishi kwa kujificha hawezi kuipata.

Kuelewana bila karatasi

Kunabaki ile njia ya jirani: « utafute mutu wa kuelewana naye ». Mama anatoa 100.000 mkononi mwa agenti, faili inalala kwa muda. Watu wanaiita kujipanga, article 15.

Lakini ile 100.000 haikuingia popote. Kwa kompyuta ya biro, deni iko vilevile, na riba inaendelea kupanda. Agenti akipelekwa mji mwingine, yule anayemfuata anafungua faili na kukuta deni nzima. Mama hana karatasi ya kuonyesha, na hawezi kusema mbele ya watu kwamba alitoa rushwa, juu naye alishiriki. Amelipa mara mbili, na mara ya kwanza haihesabiwi.

Kodi inalipwa kwa banki ao kwa mwingine aliyeruhusiwa kupokea feza za Hazina, kwa konti inayoandikwa kwenye karatasi. Agenti anayekuja kukagua hana ruhusa ya kubeba feza. Anapaswa kuonyesha ordre de mission yake na karte ya kazi. Kumwomba hizo karatasi kwa heshima, « shefu, naomba kuona ordre de mission », si kumtukana.

Njia nne ambazo ziko

*Kwanza: kwenda mwenyewe kabla ya kuitwa.* Mtu anayejua kwamba hakutangaza mwaka uliopita anaweza kupeleka deklarasyo yake kwa kuchelewa. Atalipa riba ya kuchelewa, lakini hesabu itatoka kwa daftari yake mwenyewe, si kwa macho ya agenti. Kwa biashara ndogo, mlango ni Centre d'impôts synthétiques, CIS.

*Pili: kuomba kulipa pole pole.* Hii ndiyo njia inayosaidia wengi, na ndiyo watu hawaijui. Mwenye deni anaandikia mpokezi wa kodi barua ya kuomba échelonnement. Barua inakubali deni, inaeleza kwa nini feza haitoshi, na inapendekeza mpango wa kweli. Kwa deni ya 550.000, mama anaweza kupendekeza 150.000 siku ile ya kwanza, kisha 100.000 kila mwezi kwa miezi minne. Biro inaweza kukubali, kukataa, ao kuomba mtu wa kumdhamini. Kuna nafasi nzuri zaidi kama ombi linafika ndani ya siku zile 15, pamoja na karatasi ya banki inayoonyesha kwamba malipo ya kwanza yameshafanyika. Mpango ukikubaliwa, kukosa mwezi mmoja kunaweza kuuvunja wote. Ni afazali kuahidi kidogo na kukifanya.

*Tatu: kupinga hesabu.* Mtu anayeona kwamba biro imezidisha, ao imemdai kodi isiyo yake, iko na haki ya kuandika réclamation. Sheria inampa miezi sita tangu siku aliyopokea AMR. Barua iwe na sahihi yake, namba yake ya kodi, namba ya AMR, sababu, na vitu vya ushahidi: daftari ya mauzo, faktire za kununua mali, karatasi za banki. Kusema « ni nyingi sana » peke yake hakutoshi, ni lazima kuonyesha kosa liko wapi. Biro nayo inapewa miezi sita ya kujibu. Ikinyamaza mpaka mwisho, ni sawa na kukataa, na mtu anaweza kwenda mbele ya Cour d'appel. Wakati anangoja jibu, ni vizuri alipe ile sehemu ambayo hapingi, ili riba isipande juu yake.

*Ine: kuomba huruma juu ya adhabu.* Kodi yenyewe ni vigumu kuifuta, lakini adhabu na riba zinaweza kuombewa msamaha ao kupunguzwa. Hapa si haki, ni ombi kwa wakubwa wa biro. Linapokelewa vizuri zaidi kama kodi yenyewe imeshalipwa, na kama sababu ni nzito na inaonekana: ugonjwa wa muda mrefu, moto wa soko, wizi, kukimbia vita. Serikali ao jimbo likitangaza msamaha wa adhabu kwa muda fulani, tangazo linakuwa na tarehe ya mwisho, na ile tarehe inafaa kushikwa.

Na pale ambapo vita vilipita?

Katika Ituri na Kivu ya kaskazini, ambako état de siège ilitangazwa Mei 2021, na katika maeneo mengine ya mashariki, wafanyabiashara wengi walikimbia, maduka yakaporwa ao kuungua. Wengine wanarudi na kukuta AMR ya miaka ambayo hawakuuza hata kitenge kimoja.

Biro haiwezi kujua kwamba duka ilikufa kama hakuna aliyeandika. Kwa faili, ile biashara bado inaishi na kila mwaka haipeleki deklarasyo. Ndiyo maana mtu aliyefunga kazi anapaswa kuandika barua ya kutangaza kwamba amefunga, hata kama amechelewa, na kuongeza kila ushahidi alionao: karatasi ya shefu wa kartie ao ya bourgmestre, procès-verbal ya polisi, picha. Karatasi hizo ndizo zitabeba réclamation ao ombi la msamaha.

Kuna pia wale ambao wamelipishwa na mikono mingine. Katika mwaka 2017, watafiti wa IPIS na DIIS walihesabu bariere 798 katika Kivu mbili, za jeshi, za vikundi vya silaha na za wengine. Na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, watu walijikuta wakilipa utawala mwingine. Kwa sheria ya nchi, deni kwa Hazina inaisha tu feza ikifika kwa konti ya Hazina. Lakini mtu aliyelazimishwa kulipa si mwenye kukosa, na kila karatasi aliyopewa aitunze mahali salama. Siku ya kueleza kwa nini hakuwa na uwezo, itamsaidia.

« Tunalipa, barabara iko wapi? »

Swali hilo linasikika kila mara kodi inapotajwa, na lina msingi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamwambia kila Mkongomani kwamba kulipa kodi ni wajibu wake. Lakini kifungu cha 175 kinasema pia kwamba 40% ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni inabaki kwa majimbo. Kwa miaka mingi, wakubwa wa majimbo na wabunge wamelalamika kwamba ile sehemu haifiki yote.

Hasira hiyo iko na mahali pake: kwa wabunge wa jimbo wanaopiga kura juu ya bajeti, katika FEC na COPEMECO ambako wafanyabiashara wanasema kwa sauti moja, katika mashirika ya raia. Ndani ya faili ya mama wa vitenge, haimsaidii. Barabara mbovu haisimamishi riba ya mwezi.

Mambo ya kushika

- Usiweke karatasi ya biro pembeni. Andika juu yake tarehe uliyoipokea, na tafuta mtu wa kuisoma siku ile ile.
- Uliza: ni biro gani, kodi gani, ya mwaka gani, konti gani?
- Kila barua unayopeleka ifanywe kopi mbili. Moja inabaki kwa biro, ingine inarudi na muhuri wa mapokezi na tarehe.
- Lipa kwa banki, na utunze karatasi ya malipo kwa miaka isiyo chini ya mitano.
- Shika daftari: tarehe, umenunua ngapi, umeuza ngapi. Daftari ya shule inatosha kwa kuanza.
- Ukifunga kazi ao ukihama, andika.

Mama wa vitenge, kama aliitoa ile karatasi chini ya marobota ndani ya miezi sita, bado angeweza kuleta daftari yake na kuonyesha milioni 20 badala ya 40. Na kama aliitoa ndani ya siku 15, angeweza kuomba ile miezi minne ya kulipa pole pole, na mlango wake ungebaki wazi.